Safu ya Waliopona

2 Aprili 1946

Naanza kuandika nikiwa na hasira, wala sioni haya kusema hivyo. Jana nilimpeleka mgonjwa hospitali kubwa ya kisiwani, na dresa mmoja wa huko, mfunga vidonda kama mimi, kavaa soksi nyeupe hadi magotini, akaniambia mbele ya watu, "Nyinyi wa dispensari kazi yenu kupaka iodini na kufukuza nzi." Nimeifanya kazi hii hapa Changamwe miaka minane. Macho ninayo, na kusoma nimesoma.

Basi nimechora safu tatu nyuma ya daftari hili: Kisu, Chuma, Sindano. Zinahusu bawasiri, ugonjwa walio nao wengi hapa na usiotajwa na yeyote. Wachukuzi wa bandarini wanao, wachochea moto wa reli wanao, akina mama waliozaa sana wanao, na wote wakifika kwangu husema ni mgongo. Mimi huwatambua mlangoni. Ni yule anayewaachia wengine benchi, akasimama yeye.

Tiba ziko tatu. Hospitali huvifunga kwa uzi vile vinyama vinavyoota njia ya haja kubwa, na kuvikata. Mzee Mbwana wa Bofu, kule Likoni, huvichoma kwa chuma kilichopashwa moto, kazi aliyorithi kwa babake. Na mwaka huu amekuja Chaani bwana mmoja, Kefa, aliyekuwa dresa wa jeshi huko Burma, naye hupiga sindano. Kila wiki naulizwa, "Bwana Gershom, niende kwa nani?" Nataka kuwa na jibu ambalo yule wa soksi hana. Nitaandika kila mgonjwa nitakayemwona, alikotibiwa na yaliyompata.

5 Aprili

Kisu. Mwangi, mpakuaji wa meli kutoka bara, alikatwa wiki tatu zilizopita, na sasa nimepewa mimi nimsafishe kila asubuhi. Nilimkalisha kwenye karai la maji ya dawa ya zambarau, kisha nikavaa glavu nikapitisha kidole, maana nisipofanya hivyo kovu litaibana njia. Mwangi ni pande la mtu. Alilia akimwita mamake kwa Kikuyu, na watatu waliokuwa kwenye foleni wakaondoka zao. Nimeandika: maumivu makali, hajapona.

7 Aprili, Jumapili

Kaka yangu Jefwa alisimama ibada nzima, nyuma kabisa karibu na mlango. Nilidhani amechelewa akakosa nafasi. Tulipotoka, mkewe Kanze alinivuta kando. "Shemeji, kakako ana jambo. Mimi ndiye ninayefua nguo zake. Zaidi ya hapo siwezi kusema."

Niliona aibu. Mimi ninayejigamba kuwatambua watu mlangoni.

8 Aprili

Nimekwenda kwake Chaani. Amekana. Amesema ni mgongo.

12 Aprili

Chuma. Philister, anayekaanga mahamri karibu na stesheni, alichomwa Bofu mwaka jana. Damu imekoma kabisa. Lakini njia imekuwa nyembamba, na akiingia chooni hukaa mpaka wapangaji wenzake wanagonga mlango. Hali kitu ila uji mwepesi. Anawapikia watu chakula mchana kutwa, mwenyewe hali. Nimeandika: damu imekoma, mtu hakupona.

13 Aprili

Nilivuka feri nikaenda kumwona Mzee Mbwana mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha kahawa, akanionyesha vyuma vyake vitatu vimefungwa kwenye kitambaa safi. Nilitarajia mtu mjanja. Akaniambia, "Wallahi, mwanangu, mimi huwaambia kabla sijawasha moto. Katika wanne, mmoja njia yake itabana. Wao huwasikia wale watatu tu." Nimerudi nikimheshimu, lakini chuma chake sikitaki.

16 Aprili

Mvua za mwaka zimeanza. Paa linavuja juu ya kabati la bandeji.

20 Aprili

Leo wenzake wa reli wamemleta Jefwa kwangu wakimshika mabegani. Alikuwa akitia makaa kwenye garimoshi la kupangia mabehewa, akaanguka na sepetu mkononi. Nilipomfunua kope za chini, kwa ndani zilikuwa nyeupe kama karatasi hii. Niliwatoa watu wote nikafunga mlango.

"Tangu lini, kaka?"

"Tangu vita vianze."

"Miaka sita?"

"Ningekwambia nini? Wewe ni mdogo wangu. Nikuvulie suruali?"

"Mimi ni dresa."

"Kwa watu wengine," akasema.

Hatimaye alikubali. Sitaandika yote niliyoyaona. Vinyama vinatoka nje kila aendapo haja, na havirudi mpaka avisukume kwa mkono. Damu humwagika mpaka chooni huona giza. Miaka sita amekuwa akichochea moto katika hali hiyo, na kila Jumapili amekuwa akinitania kwamba nimenenepa kwa kukaa kivulini.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa, Jefwa kumi na saba. Aliacha shule ya misheni akaingia reli ili mimi nibaki shuleni. Kalamu hii ni yake kuliko ilivyo yangu. Na sasa reli imetangaza kwamba wachochea moto wote watapimwa mwisho wa Juni, na asiye na damu ya kutosha ataachishwa. Lazima apone kabla ya hapo.

24 Aprili

Tumekwenda hospitali. Daktari alimtazama kwa makini, akaniagiza nimweleze kwa lugha yetu, asikose neno hata moja. "Bawasiri zako zimefikia kutoka nje na kukaa nje. Za namna hiyo ni za kukatwa. Sindano ni ya zile changa zilizo ndani. Wiki tatu kitandani, kisha tatu nyingine bila kazi nzito." Nilimfasiria Jefwa yote, kwa uaminifu.

Njiani alitembea polepole. Darajani Makupa akasimama. "Mwangi nimemsikia," akasema. "Chaani nzima imemsikia. Tena nikilala wiki sita, sepetu yangu atapewa mtu mwingine, kupimwa au kutopimwa. Wewe ndiye msomi wetu. Nitafutie njia nyingine."

27 Aprili

Nimemtembelea Kefa. Nilikwenda nikiwa tayari kumdharau, nikakuta chumba kimepigwa deki, sindano zinachemka kwenye sufuria, na yeye mwenyewe mtu mpole, mcheshi, kucha zake fupi. Kule Burma alikuwa akimshikia taa daktari wa jeshi aliyetibu bawasiri kwa sindano, na aliiona kazi hiyo ikifanywa mara nyingi asiweze kuhesabu. Dawa ni kaboliki kidogo, ile asidi kali ya kuulia vijidudu, ndani ya mafuta ya lozi. Kinyama hunywea chenyewe, hakuna kisu wala moto, na mtu hurudi nyumbani kwa miguu siku iyo hiyo.

"Lozi wapata wapi siku hizi?" nikamuuliza.

"Sipati. Natia mafuta ya nazi. Mafuta ni mafuta, bwana."

Kaboliki aliitia kwa kukadiria kwa jicho. Niliona. Nilijiambia mtu aliyefanya jambo mara nyingi hana haja ya kipimo.

28 Aprili

Mvua siku nzima. Wagonjwa wanne tu.

6 Mei

Nimehesabu safu. Kisu: watano. Wote watano wanarudi kwangu kusafishwa, wote wanalia, hakuna ambaye ningemwita mzima. Chuma: watatu. Wawili hawana neno, na Philister. Sindano: sita. Karisa, Dhahabu, na wengine wanne, wote watu wa kwetu, Rabai, Jibana na Kaloleni. Kila mmoja alipita kwangu kesho yake kuomba pamba, na baada ya hapo hakurudi hata mmoja. Mgonjwa asiyerudi kwa dresa amepona. Mbele ya kila jina nimeandika kwa wino: amepona.

Sita kwa sita. Nilikaa nikiutazama ukurasa huo kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu nipate cheti. Natamani yule wa soksi auone.

10 Mei

Nimemsomea Jefwa ukurasa wote. Kanze alikuwa akichambua mchicha, akainua uso. "Shemeji, na yale aliyosema daktari, kwamba sindano si ya hali yake?"

Nikamjibu kwamba daktari huyo husema yaliyo vitabuni, na mimi nasema niliyoyaona. Nilipenda jinsi maneno hayo yalivyotoka. Jefwa akacheka. "Sita kwa sita. Hata garimoshi letu halifiki kwa wakati mara sita kwa sita."

11 Mei

Sindano ya kwanza. Mimi ndiye niliyeshika taa. Hakupiga hata kelele.

14 Mei

Jefwa yuko kazini. Damu imepungua.

18 Mei

Damu imepungua sana. Kanze ameniletea wali na samaki, na barua ya mama kutoka Kaloleni inayoniombea baraka.

20 Mei

Mwangi alipita asubuhi. Nilitayarisha karai, akasema hakuja kusafishwa, amekuja kunisalimu. Akaketi kwenye benchi. Aliketi vizuri, mgongo kaegemeza ukuta, akala embe lake lote pale pale. Nimeandika "ana nafuu". Sijui kwa nini niliona uzito kuandika zaidi.

25 Mei

Sindano ya pili. Viwili vilikuwa bado vinatoka nje, Kefa akasema safari hii aongeze dawa kidogo, na aingize ndani zaidi. Akanitazama kama anayetaka nikubali. Nikakubali kwa kichwa.

26 Mei, Jumapili

Jefwa hakuja kanisani. Kanze amesema ana homa ndogo. Homa ni kawaida.

27 Mei

Hajakojoa tangu jana jioni. Tumbo la chini limejaa, anatetemeka chini ya mablanketi mawili na jasho linamtoka. Nilimpa vidonge vya M na B vya kuzuia usaha, vyote vilivyobaki kwenye kabati, nikamtia mpira mkojo ukatoka. Nilipomgeuza nimsafishe nilikuta ngozi ya tako imekuwa nyeusi, ukubwa wa kiganja, na harufu yake naijua. Nimeisikia mara mbili tu katika kazi yangu, na mara zote mbili mtu alikufa.

Usiku ulikuwa umeingia, nikamwambia Kanze, "Kesho asubuhi naandika hati, tunampeleka hospitali." Charo, kaka yake Kanze, alikuwa amekaa mlangoni, na mjomba wetu mmoja aliyeshuka kutoka Kaloleni. Nilimwona mjomba akimtazama Charo, nisiulize.

28 Mei

Hati niliiandika alfajiri. Nimefika Chaani na machela na watu wawili, nikakuta kufuli mlangoni. Mama wa chumba cha pili akatoka na kanga yake kichwani. "Wameondoka na garimoshi la kwanza. Wamempeleka kwao angali anapumua, baba. Mjomba wake alisema hospitali hiyo haimtoi hai mtu wa hali ile, na asije akazikwa huku mjini."

Nilisimama mbele ya kufuli lile, mvua ikininyea, na watu wa machela wakiniuliza tufanyeje. Kwetu mgonjwa akizidiwa hachelewi kupelekwa nyumbani. Harudishwi akiwa maiti. Hupandishwa garimoshi mpaka Mazeras, kisha huchukuliwa kwa kitanda, akafie kwao na azikwe na watu wake. Jambo hilo nalijua tangu utotoni. Nimebeba vitanda vya namna hiyo mimi mwenyewe.

Na hapo ndipo nilipowakumbuka wale sita. Hakuna aliyerudi kwangu. Wala hakuna hata mmoja niliyemwona kanisani, wala sokoni, wala stesheni, tangu Aprili. Watu wa Rabai, wa Jibana, wa Kaloleni. Watu wa kisu walikuwa wakirudi kwangu kwa sababu walikuwa hai.

29 Mei

Nimenyimwa ruhusa ya kuondoka mpaka kesho. Nimefanya kazi. Sikumbuki nilimpa nani dawa gani.

30 Mei

Nilishuka Mazeras saa nne nikashika njia ya Rabai kwa miguu. Sikupitia kwa Karisa kwa kubahatisha. Nilikwenda kwa kuulizia jina.

Mkewe alikuwa akipanda mahindi. Aliponiona na mfuko wa msalaba mwekundu alinyoosha mgongo akangoja niseme. Nikamuuliza Karisa yuko wapi. Akanionyesha kwa jembe, nyuma ya jiko. Udongo ulikuwa umetitia kwa mvua na mihogo imeanza kuchipua kando yake.

"Alirudi lini?"

"Wiki ya Pasaka. Alirudi hawezi kukojoa. Alikaa siku nne."

"Mbona hamkuniletea habari?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani wewe ni nani wetu?"

Aliniambia pia juu ya Dhahabu wa Jibana, maana walikuwa wakijuana. Naye alizikwa Aprili, na ameacha mtoto wa kunyonya. Wale wanne sikuwatafuta. Niliogopa, ndio ukweli. Nilitembea mpaka Kaloleni bila kusimama, na njiani nilikuwa nikiomba kwa sauti kwamba Jefwa awe tofauti, kama kwamba nina haki ya kuomba.

31 Mei

Yu hai. Amelazwa kwenye nyumba ya mama, kichwa kikielekea mlango apate hewa. Weusi umeenea hadi kwenye paja. Hakuna ninachoweza kufanya ila kumsafisha, na ninamsafisha kila saa, na mama anachemsha maji bila kuuliza kitu. Nimewaambia wazee tumpeleke hospitali hata sasa. Mjomba akaniuliza kwa upole, "Atafika?" Nikarudi kumsafisha.

Mchana akili yake ilikuwa safi. Chumbani tulikuwa mimi, Kanze na Charo.

"Gershom," akasema. "Wale wengine wa daftari lako. Walipona?"

Viatu vyangu vilikuwa bado na udongo wa Rabai. Nilimtazama usoni, na uso ule ulikuwa umekonda ukawa uso wa baba. Nikasema, "Walipona, kaka."

"Wote sita?"

"Wote."

Akafumba macho. "Basi ni damu yangu iliyo mbovu." Alipumua kwa shida. "Kanze, nisamehe. Nilikuoa na damu mbovu. Uwaangalie watoto, isije ikawa wanayo." Kisha akamwambia Charo, "Na wewe una ugonjwa huu, najua, usinifiche. Usiogope. Nenda kwa Kefa. Wenzangu walipona."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Nilijiambia nimesema uongo kwa huruma. Nusu yake ilikuwa huruma.

1 Juni

Jefwa amefariki saa tatu asubuhi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

2 Juni, Jumapili

Tumemzika. Kaburi lilijaa maji, tukayateka kwa ndoo kwanza.

4 Juni

Siku ya tatu ya matanga. Nililala kwenye mkeka pamoja na wanaume, nikala nilichopewa, na kila aliyefika alinipa mkono na kuniambia pole, wewe ndiye uliyemhangaikia. Nilipokea pole hizo zote.

Alasiri akafika Kefa. Ametembea kutoka Mazeras, suruali imelowa mpaka magotini, mkononi kashika kilo mbili za sukari za kuwapa wafiwa. Nilimwangalia akimwinamia mama. "Pole sana, mama. Mwanao alikuwa rafiki yangu." Machozi yalikuwa ya kweli. Alipewa kiti, akaletewa chai, akaketi katikati ya watu aliowamaliza, asijue. Hata yeye hakuna aliyemrudia. Alikuwa amehesabu kama nilivyohesabu mimi.

Charo akasogea karibu naye. "Bwana Kefa, shemeji yangu alisema neno kabla hajafa. Alisema wenzake wote walipona, yeye tu ndiye alikuwa na damu mbaya. Mimi nina kitu hicho hicho. Nikirudi Changamwe nitakuja kwako."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Neno la mtu anayekufa kwetu halibishiwi. Kefa akaweka kikombe chini. "Karibu sana. Nitakuangalia vizuri."

Charo ana watoto watano. Nilihesabu hilo nikiwa nimekaa. Nilihesabu pia kwamba nikinyamaza hakuna mtu atakayejua, isipokuwa mke wa Karisa, na yeye hajui mimi ni nani wao. Kisha nikasimama.

Sikusema vizuri. Dresa aliyezoea kuandika, ulimi wake mzito. Nilisema, "Karisa wa Rabai amekufa. Dhahabu wa Jibana amekufa. Hao wanne wengine sijui, na nadhani najua. Niliandika wamepona kwa sababu hawakurudi kwangu. Hawakurudi kwa sababu waliletwa nyumbani kufa, kama Jefwa. Daktari alisema akatwe. Mimi ndiye niliyemwambia sindano. Na juzi aliponiuliza nilimdanganya."

Mjomba alivua kofia yake. Kefa aliinuka, akakaa tena. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Si hao sita tu. Wewe uliwaona sita. Mimi nimewapiga kumi na saba." Kisha akaanza kutaja majina, moja moja, na kila baada ya majina mawili matatu mtu katika matanga alikuwa akisema, "Huyo namjua," na mwingine, "Huyo tumemzika."

Charo aliondoka mahali alipokaa akaenda kuketi peke yake uani. Mama aliingia ndani. Kanze hakunitazama hata mara moja.

5 Juni

Kefa ameondoka alfajiri pamoja na mjomba, kwenda kwa chifu kujieleza. Nimempa barua ya kuthibitisha, na ndani yake nimeandika jina langu pamoja na lake.

Charo atakwenda hospitali. Nilimwambia habari za Mwangi, kwamba alilia mwezi mzima na sasa anaketi kwenye benchi. Alinisikiliza akiangalia pembeni, akasema atakwenda, kisha akaongeza, "Usije kunisafisha wewe."

Jioni kabla ya giza Kanze alikuja nilipokuwa nikikunja nguo zangu. Ilikuwa mara ya kwanza aseme nami tangu jana.

"Alifariki akiniomba msamaha," akasema. "Siku nzima ile, na asubuhi yake pia. Ananiomba msamaha kwa damu yake, nami namwambia nimekusamehe. Nimemsamehe kosa ambalo hakulifanya. Wewe ulikuwa hapo ukisikia."

"Nilikuwepo."

"Basi nenda ukamwambie."

Nikamwambia kwamba sisi ni Wakristo, na Jefwa hasikii tena. Akasema, "Hayo utamwambia mchungaji. Mimi nakwambia nenda kamwambie mume wangu damu yake ilikuwa nzuri."

Nilikwenda. Mvua ilikuwa nyepesi, udongo wa kaburi mwekundu umeanza kutitia upande wa miguuni. Nilipiga magoti, na nikasema. Kanze alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema hajasikia. Mara ya tatu nilipaza sauti mpaka watu wa matanga wakageuka, nikasema jina lake, na jina la Karisa, na kwamba damu ya kaka yangu ilikuwa nzuri na mimi ndiye niliyemuua kwa kalamu, kisha nikasikia nyuma yangu Kanze akianza kulia.